Milango ya Gereji na Wanaoipofusha

Siku waliponiaga pale karakana, Kibaha, kijana mmoja alisimama na soda mkononi akasema, "Mama, tuandikie basi hata kidogo, ili tukikwama tusikupigie simu." Nilimwelewa. Maana yake ni kwamba wanaogopa kufokewa. Basi naandika, na nitafoka humuhumu.

Sitasema nilipanda cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini, maana hayo hayakuwahi kufunga mlango wa mtu. Nitaandika juu ya milango ya gereji za nyumbani, ile inayopanda na kukunjikia darini kwa mota na rimoti. Nitaandika juu ya vile vitu vidogo vilivyowekwa ili mlango usiue mtu, na juu ya wenye nyumba ambao kila asubuhi wanaamka na wazo jipya la kuving'oa.

Mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Kisarawe. Chuoni nilisomea umeme wa majumbani, nikawa na ndoto ya kutengeneza mafriji, kazi ya kivulini. Karakana iliyonichukua ilikuwa ya kuchomelea mageti na madirisha. Kisha watu wakaanza kujenga nyumba kubwa Visiga na kule milimani Kisarawe, wakataka milango ya kisasa, na mwenye karakana akaanza kuileta. Ilifika vipandevipande ndani ya maboksi, na karatasi za maelezo zenye picha za watu wanaotabasamu. Aliyekuwa anaielewa ni mmoja tu, Fundi Salehe, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na nilikabidhiwa kwake.

"Shikamoo, fundi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kunipigia stori?"

"Kazi."

"Basi usiguse kitu."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya asubuhi nzima. Nilikaa kwenye kigoda namtazama akipanga vifaa. Mchana tukapanda pikapu kwenda Chole. Si ile Chole ya kisiwani, ni Chole ya Kisarawe, huku kwetu kwenye mihogo na mikorosho. Mzee mmoja, Mzee Kondo, mfanyabiashara wa korosho, alikuwa amejenga nyumba yenye gereji ilhali hana gari. Humo anaweka magunia. Springi ya mlango wake ilikuwa imekatika, na ilipokatika ilipiga mlio kama bunduki. Familia nzima ilikimbilia kwa jirani ikidhani imevamiwa.

Kwa wale msioijua, springi ni lile koili nene la chuma lililolala juu ya mlango, limepita kwenye bomba refu. Mlango wa gereji ni mzito, wanaume wawili wanahema. Springi ndiyo inayoubeba. Mota inasukuma kidogo tu. Ili iubebe, lazima izungushwe mpaka ijae nguvu, na nguvu hiyo inakaa humo usiku na mchana ikisubiri mjinga.

Siku ile mjinga alikuwa ameshafika kabla yetu. Jirani wa Mzee Kondo, fundi baiskeli, alikuwa amesimama juu ya pipa. Springi ya akiba iliyokuja na mlango alikuwa ameshaivisha kwenye bomba, na sasa alikuwa anaizungusha kwa bisibisi mbili, huku watu wamekusanyika chini yake wakimshangilia.

"Shuka," Fundi Salehe alisema.

"Subiri kidogo, mzee, namalizia."

"Nimesema shuka!"

Yule jamaa akacheka. Fundi Salehe hakubishana naye. Alinyanyua mkono wa kulia akamwonyesha kidole cha shahada, ambacho kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. "Kipande kingine kilibaki Mlandizi," alisema. "Nilikuwa na bisibisi kama hiyo hiyo."

Jamaa alitazama kile kidole, akatazama bisibisi zake. Alishuka taratibu sana baada ya Fundi Salehe kuchukua nafasi yake na kuishika springi kwa fito zake mbili za chuma. Fito hizo ni nondo nyoofu zilizochongwa zijae kabisa kwenye matundu ya springi. Zinaingia mpaka mwisho wala hazichezi. Bisibisi inacheza, na ikichomoka inakupitia usoni. Hiyo ndiyo sababu nyote niliowakuta mnatafuta njia ya mkato kwa bisibisi niliwatoa nje ya karakana, na bado mkaninunia.

Tulipomaliza, Fundi Salehe alifungua mota kutoka kwenye mlango, akaunyanyua mlango kwa mkono mpaka usawa wa kiuno, akauachia. Mlango ukakaa palepale, hewani, haushuki wala haupandi.

"Umeona?" aliniambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu asubuhi. "Mlango mzima ukiuachia katikati unatulia. Ukishuka wenyewe, springi imechoka. Ukipanda wenyewe, umeikaza mno. Kabla hujagusa mota, fanya hivi. Ukisahau yote nitakayokufundisha, hili usisahau."

Mzee Kondo alikuwa ametusogelea. "Sasa ukikaa hapo katikati, mimi nafaidika nini?" aliuliza. "Mimi nataka ufunge."

Fundi Salehe alivuta pumzi. Wakati ule nilidhani ana pumu. Nimekuja kujua baadaye kwamba ile ni pumzi ya kazi, na sasa ninayo mimi.

Aliniachia kazi mgongo wake ulipogoma, akarudi shambani kwake Masaki ya Kisarawe, na nikawa natoka peke yangu. Hapo nikakutana na usumbufu mwingine. Nafika kwa mtu na mkoba wa vifaa, nabisha hodi, nafunguliwa, mwenye nyumba anachungulia nyuma yangu barabarani. "Karibu, dada. Fundi mwenyewe yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa najieleza. Baadaye nikawa nasema, "Yuko njiani, ameniambia nianze," naanza, namaliza, naondoka. Kuna mzee mmoja wa Kwa Mathias nadhani bado anamsubiri.

Lakini hilo nalisamehe. Nisilosamehe ni macho.

Kila mlango wa mota una macho mawili madogo ya plastiki, moja kila upande wa mlango, karibu na sakafu. Jicho moja linarusha mwanga usioonekana, la pili linaupokea. Kitu kikipita katikati wakati mlango unashuka, mota inasimama na kuurudisha juu. Ndiyo hayo tu. Yanataka mambo mawili: yatazamane, na yawe safi. Huku kwetu kuna vumbi jekundu, kuna buibui, na kuna wale nyigu wanaojenga vijumba vya udongo, ambao sijui nani aliwaambia kwamba jicho la mlango ni kiwanja. Unafuta kwa kitambaa kikavu, basi. Mtoto anaweza, bibi anaweza. Lakini mlango ukikataa kufunga, mwenye nyumba hainami kutazama. Anapiga simu na kusema, "Fundi, mlango wako mkaidi."

Mlango wangu! Ukifanya kazi ni wake, amemwonyesha shemeji yake. Ukikataa ni wangu.

Nimeona macho yaliyopakwa rangi pamoja na ukuta kwa sababu mchoraji hakutaka doa. Nimemkuta mama aliyeyaning'inizia leso zioneshe urembo, kisha akalalamika kwamba mlango umerogwa. Na kuna ile kamba nyekundu inayoning'inia kutoka kwenye reli ya mota. Ukiivuta, mota inaachana na mlango, unaweza kuufungua kwa mkono umeme ukikatika, na huku umeme unakatika. Watu wanaikata. Mmoja anasema watoto wanaichezea, mwingine anasema mwizi anapitisha waya juu ya mlango na kuivuta kutoka nje. Huyo wa mwizi hajakosea, inawezekana. Lakini dawa yake ni kibati kidogo cha kuziba upenyo, nakifunga kabla chai haijapoa. Yeye anachukua mkasi.

Sasa nieleze habari ya Visiga, maana ndiyo iliyokaa moyoni mwangu kuliko zote.

Bwana Urassa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kwa Mathias. Mtu wa Kilimanjaro, mkarimu, mcheshi, huondoki kwake bila kupewa kitu cha kubeba. Nyumba yake ilikuwa Visiga, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Aliishi na mkewe, Mama Glory, na mama yake mzazi, Bibi Aikande, ambaye alikuwa ameletwa kutoka mlimani baada ya kubaki peke yake. Bibi alikuwa mwembamba, mnyoofu, na ana maneno machache. Hakuupenda uwanda wetu. Alisema joto la Pwani linamkalia kifuani. Pahali pekee alipopata nafuu ndani ya boma lile palikuwa mlangoni mwa gereji, kwa sababu nyuma kulikuwa na dirisha na upepo ulipita moja kwa moja. Alikuwa akiweka kigoda chake pale kizingitini, akichambua maharage au mchicha, na mara nyingi akisinzia.

Mlango ule niliufunga mimi. Ulikuwa unatazama magharibi, na jua la jioni lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye jicho linalopokea, likalichanganya. Kila alasiri mlango unagoma. Nikaenda, nikakata kipande cha bomba la plastiki nikakivisha jicho kama kofia ndefu, likaacha kuona jua. Ukafanya kazi. Baada ya muda fagio la Bibi likaligonga jicho likatazama pembeni. Nikaenda. Kisha nyigu. Nikaenda tena.

"Dada Mwajuma," Bwana Urassa aliniambia siku hiyo ya nyigu, "haya macho huwezi kuyatoa tu? Mimi nina haraka zangu asubuhi. Nabonyeza, ufunge, niende."

"Siwezi kuyatoa, kaka."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Na mota yenyewe haitaki, ukiyatoa haifungi."

"Mafundi wengine wanasema kuna namna."

"Namna ipo. Mama yako anakaa hapo," nikamwonyesha kigoda. "Hiyo namna ndiyo itakayomkuta."

Alicheka, akanipa ndizi. "Ah, Dada Mwajuma! Kwani mimi sina macho yangu?"

Namna ile, kwa kuwa najua mmeshaisikia mitaani, ni hii: fundi anayang'oa macho yote mawili, anayapandisha juu karibu na mota, anayafunga pamoja yakitazamana kama wachumba. Mota inadhani njia iko wazi daima. Nilipoenda tena kwa shughuli ya kupaka grisi, nikainua uso nikayakuta yako darini. Nilichukua ngazi, nikayashusha, nikayarudisha mahali pake, kisha nikamwita Mama Glory aje ashuhudie yakifanya kazi. Alipiga kofi la mshangao. "Mama yangu! Mimi nilijua ni taa."

Jioni nikampigia mumewe simu tukagombana vizuri. Aliniomba radhi, akaahidi. Nilimwamini nusu. Na nilipomwambia springi inaanza kulegea, mlango ukiachiwa katikati unazama, tuibadilishe, alisema mwezi ukiisha. Miezi ikaisha mingi. Alikuwa ameshampata mtu asiyemsumbua kwa maneno.

Kazi ya mtu huyo nilikuja kuiona baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika. Macho yalirudi darini. Kamba nyekundu ilikatwa. Na kwa kuwa springi ilikuwa imechoka na mota inalemewa, hakubadilisha springi. Alichukua bisibisi ndogo akazungusha kile kitufe cha mota kinachopima nguvu, akakipeleka mpaka mwisho. Mota yenye kipimo kizuri ikigusa kitu inarudi nyuma. Ile haikuwa inarudi. Ilikuwa inakandamiza.

Simu ilinikuta Kwa Mathias, dukani nanunua skrubu, asubuhi. Alikuwa Mama Glory, na nilisikia kelele kabla sijasikia sauti yake.

"Dada Mwajuma! Mlango umemkalia Bibi! Umembana!"

"Anaongea?"

"Anaongea! Anasema Mungu wangu, Mungu wangu! Tunabonyeza, mota inanguruma tu, haupandi!"

Nilijua palepale. Ndani ya mota kuna gia ya plastiki. Imebebeshwa mzigo kwa miezi, imesagika. Itanguruma mpaka kesho na mlango hautapanda.

"Vuta kamba nyekundu," nilimwambia, kisha nikajizuia. "Hapana! Usivute! Nani yuko hapo?"

"Majirani. Vijana wa kufyatua matofali. Baba Glory amerudi, yuko hapa, analia."

Hapa nataka mnisikilize, nyinyi mnaosoma hili na kudhani mtalikumbuka siku hiyo. Springi ikiwa nzima, ukifungua mota mlango unakuwa mwepesi, unaunyanyua. Springi ikiwa imechoka, kitu pekee kinachouzuia usishuke zaidi ni ile mota, hata kama gia yake imebaki na meno machache. Ukiifungua kabla mlango haujashikiliwa, uzito wote uliobaki unaenda kwa aliye chini.

"Nisikilize vizuri," nilisema. Nilikuwa nimeshapanda bodaboda, simu nimeibana na kofia. "Mwambie mume wako aache kulia alete jeki ya gari. Aiweke chini ya mlango, upande ambao Bibi hayupo, aipandishe mpaka iguse. Iguse tu. Upande wa pili wekeni tofali, mbili, tatu, mpaka nafasi ijae."

Nilimsikia akipiga kelele kupitisha maneno. Nikasikia mtu anasema tofali halitoshi, mwingine anasema weka na kibao.

"Tayari! Imegusa!"

"Vijana washike mlango kwa chini. Wasivute, washike. Sasa mtu apande juu ya kiti, atazame kwenye reli. Kamba nyekundu ipo?"

"Haipo, ilikatwa."

"Kuna kijichuma kilichokuwa kimefungwa kamba. Kidogo, kama ulimi. Akibane kwa koleo, akivute chini. Kabla hajavuta ahesabu kwa sauti, ili wote wanyanyue pamoja."

Nilisikia sauti ya Bwana Urassa ikihesabu. Hakuwa analia tena, au labda alikuwa analia huku anahesabu. Kisha kukawa na mguno wa watu wengi kwa pamoja, na chuma kikalia. Dereva wa bodaboda alikuwa ananiuliza tukate wapi, nami sikuwa namsikia.

"Ametoka," Mama Glory alisema hatimaye. "Ametoka, dada. Ametoka."

Nilipofika walikuwa wameshampakia kwenye gari la jirani. Bibi alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, uso umekuwa wa rangi ya majivu, mkono mmoja ameukumbatia kwa mwingine. Alinitazama. "Mwanangu," alisema, "mlango wenu ni mzito."

Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ulikuwa umevunjika na mbavu zimepasuka. Kigoda ndicho kilichomwokoa, kwa sababu mlango ulipomwinamisha, ukingo wake uliegemea kigoda, kifua hakikukandamizwa chote.

Nilisimama pale gerejini, maharage yamemwagika sakafuni, nikainua uso. Macho mawili yanatazamana darini, yamefungwa kwa utepe mweusi, na taa zake ndogo za kijani zinawaka kwa raha zote. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Yule fundi hakuwepo, wala sikujua jina lake. Na mwenye nyumba alikuwa amekaa chini kwenye kokoto akirudia kitu kimoja: kwamba alitoa gari, akafika getini, akabonyeza rimoti kama anavyobonyeza kila siku, akatazama barabara. Hakugeuka. Kwa nini hakugeuka? Aliniuliza mimi.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nayo majibu tele, niliyatunza kwa miaka. Nikaokota maharage.

Bibi alipotoka hospitali hakurudi Visiga. Alikwenda kwa binti yake, Kwa Mathias, kwenye vyumba viwili visivyo na upepo, akasema kwa mwanawe harudi maadamu mlango ule upo. Bwana Urassa alikuja karakana akiwa amekonda.

"Uung'oe," alisema. "Leo. Nijenge ukuta."

"Siung'oi."

"Nakuomba, Dada Mwajuma. Umemvunja mama yangu."

"Mlango haukumvunja. Ulikuwa umefumbwa macho ukaambiwa usisimame. Nikiung'oa utajenga ukuta, mwakani utaweka geti la umeme, nalo lina macho, nayo utayachoka." Nilikuwa nimepandisha sauti mpaka wachomeleaji wakazima mashine. "Au unadhani mimi nakuja kwako kupunga upepo? Kila nilichokuambia, kuna mtu alishaumia ndipo kikabuniwa!"

Alikaa juu ya boksi la springi. Nami nikavuta ile pumzi.

Kisha nikamwambia nitakachofanya, na akakubali bila kuuliza mwezi unaisha lini. Nilibadilisha springi kwa zile fito mbili. Nikabadilisha gia. Nikarudisha nguvu ya mota mahali inapopaswa kuwa, nikalaza kibao sakafuni mlango ukakigusa ukarudi juu. Macho nikayarudisha chini, safari hii ndani ya vikinga vya chuma nilivyovichomelea mwenyewe, fagio lisiyafikie. Nikafunga kamba mpya nyekundu, na kibati cha kuzuia waya wa mwizi. Nilipouachia mlango katikati, ukatulia.

Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu walipomleta Bibi aje aone. Alikuja na mkono bado kwenye kitambaa shingoni, akakataa kuvuka kizingiti. Aliletewa kiti, akakaa uani, mbali kabisa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeutengeneza?"

"Nimeutengeneza."

"Sasa nani atasimama chini nione?"

"Hasimami mtu, Bibi. Hatupimi kwa watu. Tunapima kwa fagio na kibao."

Alifikiri. "Basi Elia ashike fagio," alisema. Elia ndiye Bwana Urassa. Sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo.

Nikabonyeza. Mlango ukaanza kushuka. Bwana Urassa, akiwa amesimama pembeni, akapitisha fagio chini mbele ya jicho, na mlango ukasimama, ukarudi juu.

"Tena," Bibi alisema.

Akarudia. Ukarudi.

"Sasa hicho kibao."

Kibao kikawekwa. Mlango ukashuka ukakigusa, ukarudi juu. Bibi akataka kukiona kibao, akapewa, akakipapasa kama kimebonyea. Hakikuwa kimebonyea.

"Tena fagio. Upande ule mwingine."

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na Bwana Urassa alikuwa amevaa shati la dukani. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mama Glory alisema Bibi inatosha, chai inapoa, na Bibi akasema tena. Hata mimi nilichoka, nami ndiye niliyekuwa nimeomba kwa miaka yote mtu mmoja, mwenye nyumba mmoja tu, asimame apime mlango wake. Ikafika mahali Bwana Urassa mwenyewe akawa haambiwi. Mlango ukishuka, anapitisha. Ukipanda, anainama, anafuta jicho kwa pindo la shati, anasubiri.

Mwisho Bibi aliinuka. Alisogea polepole mpaka kizingitini, akatazama juu kwenye springi, akatazama chini kwenye macho. Kisha akageuza kiti chake kwa mkono mmoja, akakivuta kuelekea mlango wa jikoni.

"Mama," Bwana Urassa alisema, "si umeona mwenyewe? Hujauamini?"

"Mlango nimeuamini," Bibi alisema. "Bado wewe."

Akaketi. Bwana Urassa alibaki amesimama pale na fagio. Aliinama akafuta jicho tena kwa pindo la shati. Kisha aligeuka akanitazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Bonyeza tena, Dada Mwajuma."

Nikabonyeza.